Shamba la Mama Ndani ya Mashine Nyeusi

9 Februari

Mdogo wangu Kijiti,

Usishtuke kuona bahasha, hakuna aliyekufa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla hatujamaliza kusalimiana, halafu simu ikiita Mama anazunguka nyumba nzima kutafuta kinacholia. Karatasi haimsumbui mtu.

Sisi tunaendelea. Shangazi amewekewa meno mapya, sasa anacheka hata pasipo na cha kuchekesha ili yaonekane. Cherehani yangu inakata nyuzi, lakini sare za shule nimezimaliza zote na mgongo wangu ndio unaolipia. Mama anakula kidogo. Analala.

Sasa nisikilize. Ile mashine ya gemu inakufa. Ndiyo, ile nyeusi ambayo Baba alitununulia, ambayo mimi sikuruhusiwa kuigusa kwa sababu wewe ulikuwa unalia. Tangu ugonjwa huu wa kusahau umshike Mama, kitu kinachomtuliza ni lile shamba lenu la kwenye televisheni. Asubuhi nikishamwogesha namkalisha kwenye kiti, nampa kile kidude cha kuchezea, na vidole vyake vinakumbuka vyenyewe. Anamwagilia, anakamua ng'ombe, anafunga banda la kuku. Asipocheza anatoka nje kutafuta nyumba yake, wakati yuko ndani ya nyumba yake. Juzi nilimkuta barabara kuu akiwa na kiatu kimoja, madereva wanampigia honi.

Mashine inapata moto, inanguruma, inazima. Fundi wa redio hapa kona anasema nimpe aifungue. Wewe unalipwa kwa kutabiri mambo ya mashine hizi, basi nitabirie na mimi: nimpe, au hiyo mpya inayosemwa kila mahali itafungua gemu la Mama?

Na utakuja lini?

Dada yako,
Sisimizi


2 Machi

Shikamoo Dada,

Barua yako nimeipata, nimeyacheka meno ya Shangazi mpaka mwenzangu wa chumba akauliza kulikoni. Mimi mzima. Chumba chetu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na huyu bwana anaongea usingizini, lakini kodi tunagawana na maji yanatoka.

Hilo la barabara kuu limenikata maini. Nisamehe kwa kuwa mbali.

Sasa swali lako, maana hilo ndilo shamba langu la kupalilia. Kampuni ziko mbili zinazogombana. Wewe zijue kwa rangi: Weusi, waliotengeneza yetu, na Weupe, wapinzani wao. Wote wanatoa mashine za kizazi kipya mwezi wa kumi, na sisi ofisini kazi yetu ni kuwaambia wenye maduka nani atafanya nini, ili wasiagize mzigo wa kuozea stoo. Mimi nasema hivi. Raundi iliyopita Weupe waliuza sana, na anayeuza sana huota mapembe. Wataondoa kabisa tundu la diski, kila gemu linunuliwe mtandaoni, na bei wataipandisha kwa sababu wanajua watu watanung'unika kisha watanunua. Weusi walipigwa. Aliyepigwa anarudi kwa wateja wake wa zamani na kuwabembeleza. Tundu la diski watalibakiza, na mashine yao itafungua magemu ya zamani yote, mpaka yale ya utoto wetu.

Ofisini niko peke yangu. Wenzangu wanaamini Weusi watakimbilia mashine ndogo ya kubeba mfukoni, wawaachie Weupe sebule. Bosi amenicheka mbele ya watu. Anasema hakuna kampuni inayotajirika kwa kumbukumbu za watu. Lakini nimeandika, na jina langu liko juu ya ripoti.

Kwa hiyo usimpe fundi. Akiifungua anaweza kuiua moja kwa moja. Iweke penye upepo, Mama acheze asubuhi tu, uivute hivyo hivyo mpaka mpya itoke. Nitaituma mimi.

Kuhusu kuja, bado kuna mambo ya makaratasi ya safari. Tutaona.

Kijiti


20 Aprili

Marahaba mdogo wangu,

Sisi wazima. Shangazi ameng'oa meno yale yale, anasema yanambana, anayaweka mfukoni na kuyavaa akipita mtu. Cherehani imepona.

Mashine nimeiweka juu ya beseni lililofunikwa, na feni yangu ya kushonea inaipulizia. Mimi nashona natoka jasho, mashine inakula upepo. Ndivyo ulivyoamuru.

Lakini nikuulize kitu. Nimekusoma mara ya pili na ya tatu. Hao Weusi kupiga magoti, kufungua vya zamani, wewe kusimama peke yako ofisi nzima. Hapo unatabiri au unaomba? Maana mtu akitaka kitu sana hukiona hata kisipokuwepo. Mimi sijui mashine. Wewe nakujua.

Na kuna jambo sikukuambia kwa sababu linaniuma kulitamka. Mama hanijui. Si mara moja moja kama zamani. Hanijui kabisa. Ananiita dada wa hospitali. Ananishukuru kwa adabu nikimfunga kanga, kama unavyomshukuru mtu ambaye zamu yake itaisha na ataondoka.

Lakini kwenye shamba lenu kuna yule kijana wa kazi uliyempa jina lako ulipokuwa na miaka kumi. Kila asubuhi anatoka kibandani, juu ya kichwa chake pameandikwa Kijiti, na Mama anamwambia, "Umeamka, mwanangu? Umekula?" Anampa habari zote. Jana alimwambia kuna mwanamke anakuja kumwogesha, mikono yake migumu lakini si mtu mbaya. Nilikuwa nimekaa hapo hapo na pindo la gauni la watu mapajani. Nikaendelea kushona, ningefanya nini.

Miaka miwili nambeba mimi, na mwanawe ni wewe. Sikuandikii kukulaumu. Aa, nakulaumu, nisijitie wema. Nina wivu na kikaragosi cha televisheni. Umewahi kusikia kitu kama hicho?

Makaratasi gani? Kabla hatujaanza kuandikiana uliniambia kwa simu yamekamilika.

Dada yako


11 Juni

Kijiti,

Hujajibu na mimi leo sina salamu ndefu. Imezima.

Ilitoa moshi kidogo na harufu ya waya ulioungua. Mama alikuwa katikati ya kumwagilia. Alikaa akibonyeza mpaka mchana, haamini. Baadaye akaanza kuita jina lako, kwanza taratibu, halafu kwa sauti ambayo majirani walikuja kuuliza nani amepotea.

Sasa namfungia mlango kwa ufunguo. Mimi, niliyeapa sitamfungia mama yangu ndani kama kuku. Anagonga kwa viganja. Ikifika jioni amechoka, analala kwenye sakafu pale mlangoni na nambeba kumrudisha kitandani.

Fundi anasema angeipata Februari angeiponya. Mjibu wewe.

Dada yako


30 Julai

Dada,

Shikamoo, na najua sistahili kuitikiwa. Barua yako niliisomea chooni ofisini, nikakaa humo mpaka mtu akagonga. Nilianza kukujibu mara nyingi. Kila nikifika pale pa fundi naichana karatasi. Nilikosea. Nilikwambia usimpe kwa sababu niliogopa, na nikaivalisha hofu yangu suti ya utaalamu.

Ninalo la kukueleza, na naona haya kwa sababu lilinifurahisha. Kampuni zote mbili zimeonyesha mashine zao. Weupe wameondoa tundu la diski na bei yao imepaa. Weusi wamelibakiza, na bwana wao amesimama jukwaani akasema magemu yao yote ya tangu mwanzo yatafunguka. Nilichosema kimekuwa, neno kwa neno. Bosi amenishika bega mbele ya wale wale aliokuwa anawachekesha. Nimehamishiwa meza ya dirishani. Wenye maduka wanapiga simu wakimtafuta yule aliyesema.

Nimekaa hapo dirishani, nikamkumbuka Mama anagonga mlango kwa viganja. Chai ilipoa mbele yangu.

Mashine nimeiwekea oda. Mwenzetu mmoja wa ofisini anasafiri mwezi wa kumi kuja huko, ataileta mpaka mlangoni. Jikaze kidogo tu.

Uliuliza makaratasi gani. Nitakujibu, ila si leo.

Kijiti


5 Novemba

Mdogo wangu,

Mgeni wako alifika, kijana mwenye heshima, akakataa hata kukaa. Mashine ni nyeusi kweli, kubwa kama jiwe la kaburi, Shangazi aliiogopa. Alikuja na meno mdomoni kwa ajili ya tukio.

Nikaweka diski yetu ya zamani. Ikafunguka. Nakupa haki yako, ulipatia. Ule muziki wa filimbi ulipoanza Mama aliinua kichwa, na mimi nikashika ukingo wa meza, maana tangu Juni sijamwona akitazama kitu kwa nia ya kukiona.

Shamba lilikuwa tupu. Nyasi, mawe na kibanda kisicho na mlango. Ng'ombe hakuna, kuku hakuna, mahindi hakuna. Nikadhani nimekosea kubonyeza, nikazima, nikawasha. Ni tupu. Mama akalitazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wameuza kila kitu." Akaweka kidude chini, akafunika uso na kanga kama msibani.

Nikaanzisha upya mwenyewe, kisha nikamshika vidole abonyeze. Siku kadhaa alikataa, baadaye akakubali. Sasa anacheza, ametulia, mlango sifungi tena. Usiniulize zaidi.

Dada yako


26 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako nikajipiga kofi la paji la uso, si kwa mfano, mpaka mwenzangu wa chumba akageuka.

Shamba halikuwahi kuwa ndani ya diski. Diski ni gemu tu, tupu kwa kila mtu. Shamba la Mama liko kwenye memori, kile kikadi cha kijivu kilichochomekwa mbele ya mashine ya zamani. Na nani alikuwa anahifadhi kila jioni kwenye kikadi hicho, akikupigia kelele usikanyage waya? Mimi. Mwaka mzima nimechambua Weusi watafanya nini na Weupe watafanya nini, nani ana kiburi na nani amenyenyekea, na sikujiuliza hata mara moja Mama alikuwa anaweka wapi ng'ombe wake. Mashine mpya haina hata pa kukichomeka.

Lakini kama mashine iliungua na kikadi hakikuungua, shamba lipo. Chomoa taratibu umpelekee yule fundi. Kwa kompyuta anaweza kulihamishia kwenye mpya.

Sasa lile ulilouliza. Hakuna makaratasi. Yalikwisha zamani kama nilivyokwambia. Siji kwa sababu naogopa. Nikiingia hapo sebuleni, Mama akanitazama na kuniuliza mimi nani, nitakuwa nimemaliza kuwa na mama. Huku mbali ninaye. Kila asubuhi nilikuwa nafikiri, saa hizi ananiuliza kama nimekula. Kwenye lile shamba ndipo mahali pekee duniani anaponijua. Ndiyo maana nilisema fundi asiiguse. Ndiyo maana niliona Weusi watafungua vya zamani. Ulisema kweli, nilikuwa naomba.

Tafadhali Dada, kipeleke.

Mdogo wako


20 Desemba

Kijiti,

Salamu zako zimefika, na Shangazi anakusalimu, ana kikohozi. Kazi imejaa, watu wanataka nguo za mwisho wa mwaka zote kwa siku moja.

Umefungua moyo, basi na mimi nifungue. Kikadi ninacho. Kizima. Nilikichomoa siku ile ile barua yako ilipofika, nikakitia kwenye kopo la vifungo, na hapo ndipo kilipo. Sijakipeleka.

Nilikuambia usiniulize zaidi. Nilipoanzisha lile shamba jipya, gemu liliuliza: kijana wako wa kazi anaitwa nani? Nilishika kidude, Mama pembeni amefunika uso. Nilianza kuandika jina lako. Naapa nilianza. Nikafuta, nikaandika Sisimizi.

Asubuhi aliyokubali kucheza, yule kikaragosi akatoka kibandani na jina langu kichwani. Mama akasogea mbele ya kiti. Akasoma, unajua anavyosoma kwa midomo. Akasema, "Sisimizi wangu. Umerudi kazini? Kula kwanza." Kijiti, nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie. Miaka miwili na zaidi sijaitwa jina hilo na aliyenipa.

Mimi bado ni dada wa hospitali. Lakini sasa dada wa hospitali anasikia Mama akimsifu binti yake, alivyo na mkono mwepesi, alivyokuwa anamshonea blauzi. Wewe hakuulizii. Nimekuondoa, na nilijua ninachofanya.

Sasa umenieleza pale ni mahali pako pekee. Sijui nifanyeje. Ni wewe au mimi, na anayeshika kopo ni mimi. Sema neno moja, lakini lisikawie.

Sisimizi


14 Januari

Dada Sisimizi,

Shikamoo. Barua yako ililala posta mapumziko yote ya mwisho wa mwaka, nimeipata jana. Mpe Shangazi pole ya kikohozi.

Mwanzo nilikasirika, sikufichi. Nilitoka nikatembea mitaa nisiyoijua, nikisema moyoni amenifuta, dada yangu wa tumbo moja amenifuta kwa kidole gumba. Nikafika kituo cha basi nikakaa. Nikajiuliza leo asubuhi nani amemwogesha Mama. Basi hasira ikakosa pa kusimama.

Usikipeleke kikadi. Kiache kwenye vifungo. Mimi nimekuwa mwanawe muda wote huu bila kumshikia hata kikombe. Akuite wewe. Na kila akikuita, itika, hata kama unaitikia jikoni.

Bosi anataka niandike kuhusu kizazi kitakachofuata baada ya hiki, Weupe watajirekebisha vipi, Weusi nao wataota mapembe lini. Nimemwambia nataka likizo. Nimekata tiketi ya Machi. Utabiri wangu ni huu: nitabisha hodi, Mama atanitazama, atauliza mimi ni nani. Nitamwambia mimi ni mgeni wa Sisimizi. Safari hii natamani nikosee.

Mdogo wako


4 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika leo. Shangazi amepona, amevaa meno kuisikiliza, nikamsomea mpaka katikati nikashindwa.

Nilingoja jibu lako. Halikuja, nikaona umeninunia, na nikaona una haki. Nikaitoa ile ya Novemba nikaisoma tena pale unaposema ndipo mahali pekee anapokujua. Nikajiona mwizi. Katikati ya Januari nikalifungua kopo nikampelekea fundi kikadi pamoja na mashine mpya. Aliazima kompyuta kwa shemeji yake, akahangaika. Alinionya kwamba la zamani likiingia, hili jipya linafutika na halirudi. Nikamwambia sawa. Nilisema haraka nisije nikabadili.

Siku aliyoirudisha ng'ombe walikuwepo wote. Banda la kuku limefungwa kama Mama alivyoliacha. Ukatoka kibandani na jina lako kichwani. Mama aliacha mdomo wazi. "Ulikuwa wapi, mwanangu? Nilikuita mpaka nikapoteza sauti." Alilia, na mimi nikalia, kila mtu na chake.

Mama hakumuulizia Sisimizi. Siku ya pili nilimtajia jina, nione. Alifikiri kwa heshima kabisa, akasema hamjui, labda nikaulize majirani.

Kwa hiyo njoo Machi, lakini usiseme wewe ni mgeni wa Sisimizi, hatakuelewa. Sema wewe ni ndugu wa dada wa hospitali. Atakukaribisha, ni mtu wa watu. Utakaa pembeni yangu na tutamtazama akiongea nawe kwenye televisheni. Sitakuonea wivu tena, au nitajitahidi.

Mikono siku hizi naipaka mafuta kila baada ya kazi, hajalalamika tena. Leo asubuhi nilikuwa namchana nywele, yeye anakamua ng'ombe, barua yako iko mfukoni mwa aproni. Akaniuliza bila kugeuka, "Na wewe, dada, mama yako yupo hai?"

Nikamwambia yupo.

Akasema, "Basi mara moja moja uwe unakwenda kumwona, asije akakusahau."

Nikamwambia nitakwenda, nikimaliza nywele.

Dada yako